Maswali ya Wasomaji: Triga nzito kwenye Browning ya zamani

SWALI: Wahariri, salamu. Nina Browning Hi-Power ya Ubelgiji, milimita 9, yenye leseni halali, niliyorithi pamoja na magazini mbili. Triga yake ni nzito mno na inakwaruza kana kwamba ina mchanga ndani. Natumia mkono wa kulia, na nikilenga shabaha ya mita 15 risasi zinaenda chini kushoto. Kwa magazini moja hali ni mbaya kuliko kwa ile nyingine. Wenzangu uwanjani wananiambia ama ning'oe pini ya magazini, ama nipige tupa kidogo kwenye kishikizi cha nyundo (kipande kinachoizuia nyundo mpaka triga ivutwe). Nifuate lipi? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Ndugu msomaji, yaache yote mawili mpaka ujue uzito unatoka wapi. Hiyo tofauti ya magazini uliyoitaja inatuambia mengi.

Bastola hii ilianza kusanifiwa na John Browning, naye akafariki mwaka 1926 kabla kazi haijaisha. Dieudonné Saive wa FN, kiwanda cha silaha cha Ubelgiji, ndiye aliyeikamilisha, ikatoka mwaka 1935. Jeshi la Ufaransa, ambalo ndilo lililoagiza bastola ya aina hiyo, lilitaka isifyatue magazini ikiwa imetolewa. Ndiyo sababu ndani ya triga kuna pini ndogo yenye springi yake, hiyo unayoambiwa uing'oe. Magazini ikiingia, uso wake wa mbele huisukuma pini hiyo, na wenzo wa triga hukaa mahali pake. Sasa kila unapovuta triga, pini inasuguana na bati la magazini. Hi-Power nyingi zinazolalamikiwa kwa triga ya kukwaruza, chanzo ni hapo.

Kabla ya lolote, toa magazini, vuta slaidi, tazama chemba kwa macho kisha iguse kwa kidole. Risasi zote ziwe chumba kingine. Halafu pima. Mizani ya dijitali ya kupimia mizigo inafaa: pitisha ndoano katikati ya triga, vuta polepole ukielekea nyuma moja kwa moja, rudia mara 5 uchukue wastani. Kwa kuwa bastola haifyatui bila magazini, weka magazini tupu, na kwenye chemba weka risasi bandia ili kuilinda pini ya kupigia. Hi-Power iliyo sawa kwa kawaida huwa kati ya kilo 2.5 na 3.5. Ukipata kilo 4 na zaidi, huenda kuna kinachozuia.

Baada ya hapo toa risasi bandia, hakikisha tena kuwa chemba ni tupu, ondoa magazini na ufungue slaidi: irudishe nyuma, ishike kwa kitasa cha usalama kwenye pengo la mbele, sukuma pini ya kizuizi cha slaidi kutokea kulia, kisha achia kitasa na utoe slaidi kwa mbele. Hapa usanifu wa bastola hii unakusaidia sana. Wenzo unaokibonyeza kishikizi cha nyundo umo ndani ya slaidi, haumo kwenye fremu. Kwa hiyo slaidi ikishatoka, ukivuta triga unahisi triga yenyewe tu, springi yake na ile pini ya magazini. Nyundo haihusiki kabisa.

Vuta triga bila magazini, kisha vuta ikiwa na magazini ya kwanza, kisha na ya pili. Ikiwa laini bila magazini na kukwaruza zikiwemo, umempata mchawi. Tazama uso wa mbele wa magazini kwenye mwanga: utaona mstari mwembamba wa wima unaong'aa, rangi imekwanguka. Kwenye ile magazini mbaya huenda mstari huo una mikwaruzo, kutu au rangi nene ya kupaka. Chukua msasa wa maji namba 1000, umalizie na 2000, sugua sehemu hiyo tu kwa kufuata urefu wa magazini. Uso wa pini uung'arishe kwa Brasso kwenye kitambaa, bila msasa, kisha ufute dawa yote. Usipunguze chuma, unatafuta ulaini tu. Na kwa kuwa uko pwani, chuma kilichovuliwa rangi kitapata kutu upesi, basi kipake mafuta membamba mara kwa mara.

Ikikwaruza hata bila magazini, safisha kwanza. Bastola iliyokaa kabatini miaka mingi, mafuta yake huganda yakawa gundi. Mafuta ya taa na mswaki wa zamani vinatosha. Kausha vizuri, kisha tone moja la mafuta kwenye ekseli ya triga na jingine kwenye wenzo wake. Tazama pia kama wenzo huo umepinda na kuacha alama ya msuguano kwenye ukuta wa fremu.

Ikiwa triga ni laini slaidi ikiwa nje lakini nzito ukishairudisha, tatizo liko juu au nyuma: wenzo wa slaidi, kishikizi, au springi ya nyundo. Unganisha bastola, hakikisha tena haina risasi, weka magazini tupu na risasi bandia, koki nyundo (ivute nyuma mpaka ishike), kisha vuta triga polepole sana ukiitazama nyundo kwa ubavuni. Ikirudi nyuma waziwazi kabla ya kuanguka, meno ya nyundo na kishikizi yameshikana kwa pembe mbaya, na wewe unailazimisha springi ya nyundo kujibana zaidi. Ikisogea mbele kabla ya kuanguka, hiyo ni hatari: acha kuitumia siku hiyo hiyo. Halafu koki tena, usiguse triga, uisukume nyundo kwa nguvu kwa dole gumba kutoka nyuma. Haipaswi kuanguka. Mwisho weka usalama, vuta triga kwa nguvu, iachie, ondoa usalama. Nyundo ibaki ilipo.

Sasa kuhusu tupa. Nyuso za kishikizi na meno ya nyundo zimekomazwa ziwe ngumu kwa juu. Ukilikwangua lile gamba gumu, chini yake chuma ni laini, na kitalika haraka. Triga itakuwa tamu kwa muda, kisha siku moja slaidi itafunga na nyundo ifuate yenyewe, risasi itoke bila wewe kuvuta. Kazi ya pembe ni ya fundi silaha mwenye leseni na kifaa cha kushikia vipuri, naye mara nyingi atapendekeza kishikizi kipya. Pini ya magazini nayo iache: ni sehemu ya usalama wa bastola, na ikishang'arishwa haisumbui tena.

Springi ya nyundo pia usiikate. Ilifanywa nzito makusudi ili iwashe risasi za kijeshi, ambazo kofia zake (sehemu ya nyuma inayogongwa na pini) ni ngumu. Ukiipunguza, utaanza kupata risasi zinazogongwa bila kulipuka.

SWALI: Walther PP yangu, bastola ya Kijerumani, mvuto wa kwanza ni mzito ajabu, unaofuata ni mwepesi. Imeharibika? – Msomaji, Arusha

JIBU: La. PP ya mwaka 1929 imesanifiwa hivyo: mvuto wa kwanza unakoki nyundo na kuiachia, na kupita kilo 5 ni jambo la kawaida. Inayofuata, slaidi imeshakukokia nyundo. Koki kwa dole gumba, chemba ikiwa tupu, na upime mvuto mwepesi. Kama na huo umezidi kilo 3, anza na mafuta yaliyoganda.