Suti Nyeusi Iliyotoka ya Kijivu

Katika miaka yangu ya mwanzo ya kupiga picha za harusi hapa Mbeya, niliamini kwamba lenzi nzuri ni ile inayotoa picha kali, basi. Harusi moja ya Tukuyu, wilayani Rungwe, ndiyo iliyonifundisha vingine. Maharusi walisimama kando ya shamba la chai asubuhi yenye ukungu mwepesi, jua likichomoza nyuma yao, na nilipozifungua picha kwenye kompyuta nikazikuta zimepauka, nikailaumu lenzi kwamba haina ukali. Hata hivyo, nilipozikuza, nyuzi za ukosi wa bwana harusi zilihesabika moja moja. Ukali ulikuwapo, kilichokosekana ni kontrasti, yaani tofauti kati ya weusi na weupe, na ndiyo maana suti nyeusi ilitoka ya kijivu.

Kioo kisichopakwa kitu hurudisha takribani asilimia 4 ya mwanga katika kila uso wake, na kwa kuwa lenzi ina vioo kadhaa, mwanga huo hurukaruka ndani na kumwagikia sehemu za giza. Utando wa kupunguza mng'ao, aliouvumbua Alexander Smakula wa Carl Zeiss nchini Ujerumani mwaka 1935, ulipunguza sana tatizo hilo, lakini hauwezi kushindana na uchafu. Jioni ile niliimulika lenzi kwa tochi ya simu kutokea nyuma, nikaona ndani yake weupe mwembamba, kama pumzi iliyoganda kwenye dirisha. Unyevu wa Rungwe hauna huruma na vioo.

Kwa hiyo, ndugu yangu mpiga picha, kabla hujakopa fedha za lenzi mpya, mulika hiyo uliyo nayo. Ifunge kofia yake ya kukinga jua, au ikinge kwa kiganja. Kupunguza tundu la lenzi linalopitisha mwanga, tuseme hadi kipimo cha f/8, huongeza ukali kweli, lakini jua likiigonga lenzi usoni, hatua hiyo pekee haitarudisha weusi wa suti.

Wala kontrasti kubwa haifai kila mahali. Saa sita mchana sokoni Mwanjelwa, jua linapokata vivuli kama kisu, mimi huchukua lenzi yangu kuukuu yenye kontrasti ndogo, kwa sababu mwanga wake unaosambaa hupenya kidogo hadi chini ya kofia ya mama muuza viazi, na macho yake yakaonekana.