Washa debugging kabla rimoti haijaingia birikani

Jamani nianze na aibu yangu mwenyewe. Ramadhani iliyopita, tumemaliza kufuturu tumekaa, mtoto wa dadangu wa miaka mitatu akachukua rimoti ya boksi la TV la mama, akaenda nayo mpaka chooni akaitia birikani, lile hodhi la maji. Si kuangusha, kuitia, taratibu kabisa, alafu akakaa ukingoni anawaangalia wale samaki wetu wa kula viluwiluwi vya mbu wanavoikimbia. Tulipoitoa ishakunywa maji yake. Nkaizika kwenye mchele siku mbili, nkaipepea na feni, wapi! Na hapa Amu, yaani Lamu, hata bila birika rimoti hazidumu, hewa ya chumvi inazila, ukifungua pa betri unakuta vile vibati vishaota kijani.

Boksi lenyewe ni la Android, la bei ya chini, halina kitufe hata kimoja. Nkazunguka maduka ya Langoni na rimoti tatu za kufananisha, hakuna iliyoshika. Na kinachoniuma ni kwamba nlikuwa najua fika boksi kama hili unaweza kuliendesha kwa amri tu, kutoka kwa kompyuta au hata simu, kwa kitu kinaitwa adb. Kazini nafanya kila siku. La mama sikuwahi kulifungulia mlango huo, yaani kuwasha debugging, na kuufungua kunataka rimoti. Mganga hajigangi.

Kilichonitoa ni mausi. Mausi ya waya, ya USB, nliazima, nkachomeka nyuma ya boksi na kishale kikatokea kwenye TV bila kuuliza lolote. Kwa hivo kama rimoti yako ishakwenda tayari, anza na mausi. Pia jaribu rimoti ya TV yenyewe, manake kama HDMI-CEC (njia ya TV na boksi kuamrishana kupitia waya wa HDMI) imewashwa kwenye TV na kwenye boksi huwa inaweza kupanda na kushuka kwenye menyu (ya mama ilikuwa imezimwa, nliiwasha siku ileile).

Kama rimoti bado unayo mkononi, basi fanya haya leo. Ingia Settings, tafuta About, shuka mpaka palipoandikwa Build, bonyeza mara saba. Utaambiwa umekuwa developer, hongera. Rudi nyuma utaona menyu mpya ya Developer options, humo washa USB debugging, na kama kuna ya network debugging iwashe pia, boksi hazifanani, na kwenye Android za karibuni utaikuta imeandikwa Wireless debugging na hiyo inataka kwanza uoanishe kwa namba ya siri kwa amri ya adb pair. Alafu nenda kwenye mambo ya waifai uandike IP ya boksi, yaani anwani yake kwenye mtandao wa nyumbani.

Upande wa simu mi natumia Termux, programu ya kuandikia amri, nliichukua F-Droid, duka la programu huria. Ukishaifungua:

pkg install android-tools
adb connect 192.168.100.14:5555

Weka IP yako wewe, si hiyo yangu. Hiyo 5555 ni namba ya mlango (port), na kama unatumia Wireless debugging weka ile inayoandikwa kwenye TV. Sasa hapa ndo penye siri yote ya makala hii, soma polepole: mara ya kwanza ukiunga, kwenye TV kutatokea kijidirisha kinauliza kama unairuhusu hii simu, na cha kubonyeza OK pale ni rimoti au ile mausi. Bila kimojawapo adb itakuandikia unauthorized mpaka asubuhi. Kwa hivo tia tiki pale pa kuruhusu daima, bonyeza OK, na ukimaliza fanya hivohivo na simu ya pili au laptopu, manake simu nayo inaweza kwenda birikani.

Ukishaingia, kila kitufe cha rimoti kina namba yake. Unaandika adb shell input keyevent alafu namba. 3 ni nyumbani, 4 kurudi, 19 juu, 20 chini, 21 kushoto, 22 kulia, 23 ndo ile OK ya katikati, 85 kucheza na kusimamisha, 24 na 25 sauti. Kuandika hayo yote kila saa ni adhabu, bas tia vifupisho ndani ya .bashrc (faili ambalo Termux hulisoma kila ikifunguka), na uzuri wake unaviita kwa Kiswahili chako:

alias rudi='adb shell input keyevent 4'
alias zima='adb shell input keyevent 223'
alias washa='adb shell input keyevent 224'

Lakini raha ya kweli iko kwenye kuandika maneno. Nani asiyejua mateso ya kutafuta kitu YouTube kwa rimoti, herufi moja moja, ukipita moja unarudi nyuma? Hapa unaweka kishale kwenye sehemu ya kutafutia, alafu unatuma adb shell input text na maneno yako, ila nafasi kati ya maneno unaiandika %s. Mama alitaka Zein l'Abdin, mpiga udi mzaliwa wa hapahapa Lamu, mimi kwa mbwembwe nkaandika jina kamili na ule mkato wake wa juu, terminali ikanitolea alama ya > ikanyamaza, nami nimekaa nangoja. Kumbe ule mkato yenyewe inauhesabu ni mwanzo wa maneno yaliyofungwa, kwa hivo inasubiri mkato wa pili. Piga Ctrl na C utoke, andika Zein%sAbdin, YouTube yenyewe inaelewa.

Kufungua programu moja kwa moja pia inawezekana, ila wengi wanakwama kwa sababu amri inayozunguka mitandaoni ni ya simu. Kwenye Android TV lazima uitajie kuwa unataka ile ya TV:

adb shell monkey -p com.google.android.youtube.tv -c android.intent.category.LEANBACK_LAUNCHER 1

Jina la programu nyingine utalipata kwa adb shell pm list packages -3.

Sasa niwape kisa cha 26. Mama ana tabia ya kulala huku tamthilia inaendelea, TV inacheza usiku kucha na tokeni ya stima inateketea. Nkasema hii mbona rahisi, nkamtengenezea amri, ikifika saa nne u nusu naiwasha kutoka chumbani kwangu, inangoja saa moja na nusu, yaani sekunde 5400, alafu inabonyeza kitufe cha power ambacho namba yake ni 26. Siku ya kwanza safi. Ya pili safi. Ya tatu mama, ambaye wakati huo rimoti mpya ishamfikia kutoka Mombasa, akapata usingizi mapema akazima mwenyewe akalala. Ilipotimia saa sita usiku, nyumba kimya, TV ikawaka na sauti yake yote, mwanamke analia kwa Kituruki. Nlishuka ngazi nkamkuta mama amesimama katikati ya ukumbi anasoma Ayatul Kursi. 26 si ya kuzima, wandugu, 26 ni ya kugeuza, iliyowaka inazima na iliyozima inawaka. Tumia 223, hiyo inalaza tu, ikikuta boksi limelala inaliacha. Sasa hivi iko hivi:

termux-wake-lock
sleep 5400 && zima

Hiyo ya kwanza ni ili simu isiilaze Termux ukizima kioo. Mama hajaniamini mpaka leo, akienda kulala anachomoa na waya.

Ubaya mwingine ni IP. Stima ikikatika na kurudi, rauta inagawa namba upya na boksi linaweza kupewa nyingine. Ingia kwenye rauta uifunge IP ya boksi kwa MAC yake (namba ya utambulisho ya kifaa chenyewe), na kama umeshindwa, amri ya kukagua mtandao, nmap -p 5555 --open 192.168.100.0/24 itakuonesha liko wapi. Na kwa sisi wa nyumba za mawe, ukuta ule mnene wa matumbawe hauna mchezo, adb inaunga na kukatika unadhani umekosea amri. Mimi nlihamisha boksi kutoka waifai ya masafa ya 5 kwenda ya 2.4 GHz, shida ikaisha.

La mwisho, na hili nlimgombeza nalo mjomba wangu. Ana nyumba ya wageni Shela, alivosikia haya akafurahi, wageni wake wanaondoka na rimoti kwenye mabegi, akataka boksi zote sita zifunguliwe. Nkamwambia mjomba, ile 5555 ni mlango. Mwaka 2018 kulikuwa na kirusi kinaitwa ADB.Miner kilichokuwa kinatafuta vifaa vya Android vilivyoacha mlango huohuo wazi, boksi za TV zikiwemo, kinaingia kinazitumia kuchimba sarafu za kidijitali. Na kuna boksi za bei rahisi zinatoka dukani mlango uko wazi na wala hazikuulizi ruhusa, hizo mgeni yeyote aliye kwenye waifai anakuingilia. Yeye anajibu, "Mwanangu, wageni wangu ni watu wazima, kutwa wako pwani." Tulibishana mpaka chai ikapoa. Mwisho alikubali boksi ziwe na waifai yake mbali na ya wageni, na kwenye rauta hakuna kufungulia 5555 kwenda nje hata kwa dakika. Nenosiri la hiyo waifai mpya lakini ameliandika kwa chokaa mlangoni jikoni.