Nane tatu mkononi: nizifiche au niongeze dau?

SWALI: Mwalimu, habari za kazi. Hapa Jinja, Uganda, tunacheza poka ya limiti (dau lina kiwango maalumu; kila mtu ana karata mbili zake na tano za mezani ni za wote): dau ni shilingi 2,000 mpaka karata tatu za mezani zifunguliwe, kisha 4,000 kwa karata ya nne na ya tano. Juzi nilishika nane mbili, tukaingia watu watano. Zikafunguliwa kingi ya kopa, tisa ya kopa na nane ya pau. Mimi ndiye niliyetangulia kucheza, nikanyamaza ili niwatege. Wote wakapitisha. Karata ya nne ikaja kwini ya uru. Kumbe kuna mwenye jeki na kumi! Akanimaliza. Rafiki yangu anasema mtego ulikuwa sahihi, bahati tu ndiyo iliyoniangusha. Ni kweli?

JIBU: Si kweli, ndugu yangu, na huyo rafiki yako usimsikilize tena kwa mambo ya karata.

Nianze na lisilokufurahisha: hata ungeweka dau, mwenye jeki na kumi asingekimbia. Katika karata 47 asizoziona, nane zinamkamilishia mfululizo, yaani karata tano zinazofuatana: kwini nne na saba nne. Mezani tayari kuna 10,000. Ukiweka 2,000 anapata nafasi ya kugombea 12,000 kwa 2,000, yaani sita kwa moja, naye anahitaji kama tano kwa moja tu (karata 39 zisizomfaa kwa nane zinazomfaa). Angelipa, na angekuwa amecheza vizuri. Kwa hiyo mkono huo huenda ungeupoteza vilevile.

Lakini mlikuwa watano. Mchukulie mtu mwenye kwini na jeki, anayesubiri kumi tu. Ana karata nne za kumwokoa, anahitaji karibu kumi na moja kwa moja, na wewe unampa sita kwa moja. Akilipa, amekosea, na kosa lake ndilo kipato chako. Mwenye asi na kingi naye angelipa kwa furaha, pengine angekuongezea mwenyewe. Wewe ukanyamaza, wote wakatazama karata ya nne bila kutoa hata shilingi.

Kinachonichosha ni hiki: watu wanaamini kuongeza dau ni kufukuza wateja. Katika limiti humfukuzi mtu kirahisi, kwa sababu dau lako lina kipimo. Unaongeza ili walipe. Meza nyingi huruhusu dau moja na nyongeza tatu kwa kila duru. Wawili tu wakikufuata hadi mwisho wa duru hiyo, ni 16,000 kutoka kwao kabla karata ya nne haijaonekana. Uliziacha hapo, na hakuna mtego utakaozirudisha.

Hii tabia ya kuficha nadhani wengine tumeitoa kwenye mchezo wa karata uitwao matatu, tulikozoea kubana asi hadi dakika ya mwisho. Lakini wanaoharibu kabisa ni walimu wa video fupi. Wanaonyesha mikono ya poka isiyo na kikomo, ambako anayetega anaweza kunyamaza duru mbili halafu akala chipu zote za mpinzani kwa dau moja. Huko kuficha kunaweza kulipa. Kwenye limiti, dau lako kubwa kuliko yote ni 4,000. Ni mchezo mwingine, na wao hawakuambii.

Kuficha kuna mahali pake, lakini ni padogo. Umeshika saba mbili, mezani zikafunguliwa saba mbili nyingine na mbili ya pau: hapo nyamaza, maana hakuna mwenye kitu cha kukulipa, na karata ya bure itamsaidia mtu apate mkono wa kushindwa. Au mko wawili tu, yeye ndiye anayeweka dau: mfuate, umwongezee karata ya nne dau likishapanda. Lakini kingi na tisa za kopa mezani, watu wanne mbele yako? Weka dau. Ukiongezewa, ongeza.

Na kwini ilipoanguka ukarudishiwa nyongeza kali, ungefuata tu bila kutupa: karata kumi kati ya 46 zingekupa fulu hausi (tatu za namba moja na mbili za nyingine) au nane nne, na zote hizo hushinda mfululizo.

(Kama hujafika miaka 25, sheria yetu ya 2016 ya michezo ya kubahatisha haikuruhusu kucheza kamari, jibu hili si lako.)

Sasa nasikia kuna makundi ya simu yanayouza “siri za karata kali” kwa malipo ya kila mwezi. Kabla hujatuma hela, muulize muuzaji swali moja: mezani kuna 10,000, mtu kaweka 2,000, wewe una karata nne tu za kukuokoa, ulipe au utupe? Akianza kukusimulia namna ya kusoma macho ya mpinzani, hela yako ibaki kwenye simu.