Maswali yenu ya fiodi: amkeni mapema basi!

Tangu niwahadithie safari yetu ya meli kwenye fiodi za Norwe, ile mikono ya bahari inayoingia ndani katikati ya milima, maswali hayaishi, na nusu yake ni lile la baridi ambalo nimelijibu mpaka nimechoka. Haya twende.

"Meli inashinda Geiranger siku nzima, tuko watu wazima wawili na watoto watatu, tuchukue ziara gani ili tuone vyote?" (Mama wa watatu, Leicester)

Dada yangu, hilo neno "vyote" ndo linaloharibu likizo za watu. Ziara ya kwanza umeshailipia, ni kule kuingia kwenyewe. Fiodi ya Geiranger ina kama kilomita 15, meli inakwenda taratibu katikati ya milima iliyosimama wima kushoto na kulia, na mara nyingi inapita hapo asubuhi mapema wakati nyie mmelala au mnapigana vikumbo kwenye bafe. Nimeyaona kwa macho yangu, sitaha nusu tupu, kushoto maporomoko ya Dada Saba yanamwagika kutoka kama mita 250, ng'ambo yake lipo wanaloliita Mposaji, miaka yote anaposa na wale saba wote wamemkataa, afu abiria wako ndani wanagombea soseji! Waamshe watoto, wavalishe makoti juu ya nguo za kulalia, chai itasubiri. Waoneshe na shamba la Skageflå limening'inia juu kule kwenye jabali, watu waliishi pale na mbuzi wao na inasemekana mtoza kodi akija walikuwa wanaivuta ngazi juu asipate pa kupandia. Wanangu safari nzima hawakumbuki kitu kingine, ni hiyo ngazi tu.

Mkishuka chagueni kitu KIMOJA. Meli nyingi zinatia nanga, mnashushwa kwa boti ndogo au kwa gati la kuelea, na foleni yake peke yake inaweza kula asubuhi yenu. Mlima Dalsnibba ni karibu mita 1,500 kwenda juu, basi linapanda kona juu ya kona (mwenye kutapika mpe tangawizi kabla, sio baada) ila kama kilele kimejifunika wingu mtakuwa mmelipa hela kutazama ukungu. Sisi tulilipa. Picha nane za ukungu ninazo mpaka leo kwenye simu. Flydalsjuvet, pa kusimama kutazamia fiodi, iko chini zaidi na ndo ile picha mnayoiona kila mahali, fiodi na meli kama kiberiti. Na kama mfuko umetoboka kuna ngazi 327 pembeni ya maporomoko ya Storfossen hapohapo kijijini, hulipi hata senti, watoto wanapanda huku wanahesabu, wakimaliza wamechoka na wewe umepata amani.

"Kuna baridi mwezi wa saba?" (wengi mno)

Ndiyo. Na mvua. Beba koti la mvua, mwavuli uache nyumbani, upepo utauvunja. Msiniulize tena.

"Nina pasi ya Tanzania na kibali cha kuishi Uingereza. Meli inatoka Southampton inarudi Southampton, sasa viza ya nini wakati nashuka masaa machache tu?" (Kaka wa Reading)

Viza ya Schengen, kaka, yaani ile ya nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao. Norwe haimo kwenye Umoja wa Ulaya lakini Schengen imo, hapo ndo wengi mnapojichanganya. Kibali chako cha Uingereza hakikuingizi kule hata kwa dakika tano, na usijipe moyo kwamba utabaki chumbani tu maana karatasi zinakaguliwa kabla hujapanda. Niliwahi kuona familia inagawanyika palepale bandarini, baba na watoto wana pasi za Kiingereza wakapita, mama mwenye pasi ya Kenya akabaki amekaa juu ya sanduku lake. Nani aliwadanganya kwamba mume akiwa na pasi nyekundu au ya bluu na mke anaingia bure? Omba mapema, na unaombea hukohuko unakoishi. Halafu kama meli inapanda mpaka visiwa vya Svalbard kaskazini kabisa angalia vizuri, kule ni Norwe ila si Schengen, ukirudi bara umeingia mara ya pili, kwa hiyo viza ya kuingia mara moja haikufai.

"Flåm au Geiranger?"

Watoto wanapenda treni? Flåm. Ni kijiji cha fiodi nyingine, reli yake ina kilomita 20 tu lakini inatoka usawa wa bahari mpaka stesheni ya Myrdal, mita 860 na ushee kwenda juu, na kipindi cha kiangazi inasimama kwenye maporomoko ya Kjosfossen anatokea mwanamke wa gauni jekundu anacheza kule kwenye miamba kama jini. Kateni tiketi mapema. Hawapendi treni? Geiranger.

"Nimesikia kuna mlima utaanguka baharini uue watu, ni kweli au ni stori za mitandao?" (Bibi harusi mtarajiwa, Dar)

Mlima upo, Åkerneset, meli inaupita kabla ya kukata kuingia Geiranger. Una ufa unaopanuka kidogo kidogo kila mwaka, na ukiporomoka utanyanyua wimbi la kufika vijijini kwa dakika chache. Sio hadithi, maana mwaka 1934 kule Tafjord, ndugu wa maji hayohayo, jabali lilianguka usiku wakafa watu 40. Ila tofauti na enzi zile huu unapimwa usiku na mchana na ving'ora vipo. Nenda fungate yako mwaya. Mimi ningeogopa zaidi vijana wanaokaa ukingoni miguu inaning'inia ili wapate selfi.

"Swala tunafanyaje huko jua lisipozama?"

Geiranger linazama, ila mwisho wa Juni ni kwenye saa tano usiku, na giza la kweli halifiki kabisa. Jua la usiku wa manane ni huko kaskazini zaidi. Isha na alfajiri zinabanana, muulize imamu wako kabla hujaondoka, mimi ni mwandishi.

"Meli inatusubiri tukichelewa?"

Haisubiri. Norwe iko mbele ya Uingereza saa moja, shemeji yangu alivaa saa yake ya mkono ya London akajiona ana muda wa aiskrimu. Tulikimbia mimi na mtoto mgongoni, boti ya mwisho, watu wazima na heshima zetu. Saa ya kufuata ni ya meli, basi.

"Kweli meli kubwa zitapigwa marufuku?"

Marufuku ni ya moshi, na wamechelewa. Fiodi hizi ziko kwenye urithi wa dunia tangu 2005, kijiji kina watu mia mbili na kitu, meli moja inashusha elfu tatu. Meli za abiria za chini ya tani 10,000 zinadaiwa zisitoe moshi kuanzia 2026, kubwa zimepewa mpaka 2032. Kubwa ndo zimepewa muda, mmeona?

"Mama yangu ana miaka 74, magoti hayamruhusu boti wala ngazi. Atakuwa kapoteza hela?" (Mtoto wa mwisho, Mombasa)

Mama yangu hakushuka kabisa. Alikaa sitahani na kanga mbili na blanketi la meli, akaona kuingia, akaona kutoka, akapewa chai mara nne. Sisi tuliporudi tumelowa chapachapa na picha zetu za ukungu akatuuliza, "Mlikuwa wapi? Wingu liliondoka hapa, nimeuona mlima wote."