Muulize Baharia: Bahari isiyokupwa

Salaam alaikum Kaka Baharia. Binti yangu ameolewa Rotterdam. Yeye na mumewe wamenialika twende na wajukuu kisiwa kinaitwa Aruba, mwezi wa nane, siku nane nzima, na nasikia kazi huko ni moja tu, kukaa ufukweni. Mimi nina miaka 58, sijui kuogelea, na kichupi sivai hata kwa dawa. Tena tangu kile kimbunga Hidaya cha Mei 2024, nikisikia Karibi na vimbunga vyake tumbo linanikata. Baba Salma ananicheka: Coco Beach ipo hapa kwa nauli ya daladala, unavuka dunia kufuata mchanga? Nishauri.
Mama Salma, Tabata

Waalaykum salaam dada yangu. Shemeji ana haki nusu. Kama ni mchanga tu, wa Mbudya unatosha kabisa. Lakini bahari ya kule ina tabia ambayo mtu wa Dar hajaizoea.

Nilikuwa mpishi msaidizi kwenye meli ya watalii, na kila tukifunga Oranjestad, mji mkuu wa kisiwa, nilipata saa nne za kushuka. Mara ya kwanza nilipanda basi hadi Eagle Beach. Kwa mazoea ya kwetu nikapima kwa macho maji yatafika wapi yakijaa, nikaweka viatu na shati hatua kama hamsini juu, chini ya mti. Nikaoga, nikalala, nikaamka adhuhuri. Maji palepale! Wazungu waliotandika taulo karibu kabisa na mawimbi walikuwa bado wanakoroma, wakavu. Huku kwetu bahari ya bamvua inapanda na kushuka zaidi ya mita 3. Ukifika Kunduchi saa mbaya unakuta mashua zimelalia ubavu. Kule tofauti ya kupwa na kujaa haifiki hata nusu mita. Huulizi mwezi wala wavuvi. Ukiamka, ipo.

Kwa asiyeogelea hiyo ni neema. Mwambie binti akupeleke Baby Beach, ncha ya kusini-mashariki, ukishapita San Nicolas. Ni kidimbwi cha bahari chenye umbo la mwezi mchanga, kimekingwa na mawe, na unaweza kutembea mbali maji yakiwa kiunoni. Keti ndani ya maji na wajukuu kama uliyeketi kwenye beseni. Ila pale penye mlango wa kutokea bahari kuu pana mkondo. Paache kwa wanaojua.

Nguo: nani atakutazama? Vaa suti ya kuogelea ya stara, Kariakoo zipo. Dera liache la jioni, kwa sababu likilowa na ule upepo linageuka tanga la jahazi. Upepo wa kule si wa kusi na kaskazi wa kupokezana; unavuma kutoka mashariki karibu mwaka mzima. Ndiyo maana miti ya fofoti pale Eagle Beach imeinama yote kuelekea magharibi kama waumini waliorukuu. Beba pini za mtandio, nyingi. Na upepo huo unadanganya: huhisi jua, kumbe linakuchoma. Ukinunua mafuta ya kujikinga na jua, soma kopo. Yenye kemikali iitwayo oksibenzoni yamepigwa marufuku kisiwani tangu Julai 2020 kwa ajili ya matumbawe.

Kimbunga kisikukoseshe usingizi. Ni kweli Agosti ni msimu wake, lakini Aruba iko chini kabisa, karibu na pwani ya Venezuela kuliko Unguja ilivyo karibu na Dar, na njia ya vimbunga kwa kawaida hupita kaskazini yake. Kisiwa chenyewe ni kikavu. Ukiacha ufukwe unakutana na mapungate na mbuzi, utadhani uko njia ya Dodoma. Maji ya bomba ni ya bahari yaliyotolewa chumvi, na yananywewa hivyohivyo. Usimruhusu mkwe anunue ya chupa.

Chakula ni ghali, nakuambia mapema. Asubuhi kula pastechi, ndugu wa sambusa mwenye jibini ndani. Na ukiona funchi kwenye orodha usiogope, ni ugali! Wao huukata vipande na kuukaanga. Mimi nilicheka peke yangu mezani.

Jambo moja lisisubiri: Aruba imo katika Ufalme wa Uholanzi, lakini viza ya Schengen, ile ya kuingia Uholanzi yenyewe na nchi nyingi za Ulaya, na viza ya visiwa vya Karibi vya Ufalme huo ni vitu viwili. Binti aulize mapema ubalozi wa Uholanzi ipi inakuhusu.

Ukiona vijiti na kamba mchangani, ni kiota cha kasa; wazuie wajukuu. Na jioni usikae hotelini. Sisi jua hutuchomozea baharini, fukwe zao nzuri zinatazama magharibi, hivyo linazama majini mbele yako, kuelekea saa moja. Utataka kumpigia shemeji aone. Dar itakuwa saa nane usiku, mwache alale.

Baharia, mimi kijana wa Mbagala, nina ndoto ya kufika huko. Nisipolala hoteli kubwa wataniruhusu kukanyaga ufukwe wao?
M., Mbagala

Ufukwe si wao, kijana. Aruba fukwe zote ni za umma, hata Palm Beach ambako mahoteli yamepangana kama makontena bandarini. Kilicho chao ni viti na miavuli ya makuti. Beba kanga ya mama, tandika mchangani katikati yao, ulale.