Barua kwa mwanangu Amina: roketi ya Ngomeni na shimo lisiloonekana

Mwanangu Amina,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sote wazima, mamako anakulalamikia tu kwamba hupigi simu. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Unasema mlibishana kazini juu ya ile picha ya shimo jeusi ya mwaka 2019, pete ya rangi ya machungwa yenye giza katikati, nawe ukauliza: "Baba, ikiwa hata mwanga hautoki kwenye shimo jeusi, walijuaje lipo? Au wanatubunia?" Nimeamua kukuandikia, maana kwenye simu hunikatiza.

Kwanza, lile neno "shimo" linapoteza watu. Ni uzito mwingi uliobanwa mahali padogo. Ukirusha jiwe juu, litarudi. Ukitaka lisirudi kabisa duniani, ulirushe kwa kasi ya kilomita 11 kwa sekunde. Ungekuwa unarushia kwenye uso wa jua, ungehitaji kilomita 618 kwa sekunde. Sasa ibane dunia yote, bahari na milima yake, iwe kiasi cha gololi uliyokuwa ukiichezea uani. Hapo hata mwanga, unaokwenda kilomita 300,000 kwa sekunde, hautoki. (Mfano wa jiwe una kasoro zake, na Einstein aliyaeleza mambo haya kwa njia nyingine kabisa, lakini ukubwa wa gololi unatoka ule ule.)

Wala halifyonzi kila kitu kama watu wanavyodhani. Jua likigeuka leo shimo jeusi lenye uzito ule ule, dunia itaendelea kulizunguka kama jana. Tutakufa kwa baridi, si kwa kumezwa.

Sasa swali lako. Jibu lake mimi nililiona likipaa.

Tarehe 12 Desemba 1970 nilikuwa mtoto wa miaka 10, Ngomeni, pwani ya Kenya. Ilikuwa sikukuu, miaka 7 tangu Kenya ipate uhuru. Waitaliano walikuwa na jukwaa lao la kurushia roketi, San Marco, baharini, miguu yake imesimama majini kama mtambo wa mafuta. Mchana tuliona moshi, kisha mstari mweupe ukapanda, na ngurumo ikatufikia baadaye. Babu yako alitazama, akasema, "Haya, imekwenda," akarudi kushona wavu wake. Juu ya roketi ile kulikuwa na setilaiti ya Wamarekani, na kwa heshima ya siku ile waliipa jina Uhuru. Ndiyo, kwa Kiswahili hasa. Nilikuja kujua kazi yake miaka mingi baadaye, nikiwa tayari nafundisha fizikia.

Uhuru ilipelekwa kutazama eksirei, miale kama ile ya hospitalini, zinazotoka angani. Angahewa yetu huzizuia, kwa hiyo ukiwa chini huzioni hata ufanyeje. Kati ya vitu ilivyovikagua kulikuwa na kimoja kinachoitwa Cygnus X-1, na eksirei zake zilikuwa zikipandashuka ndani ya sehemu ya sekunde. Hapo ndipo penye utamu. Uwanja mzima wa mpira hauwezi kupiga kofi moja kwa pamoja, kwa sababu sauti ya kuwaongoza huchelewa kufika upande wa pili. Vivyo hivyo, kitu kikubwa hakiwezi kubadilika chote ghafla, kwani hakuna habari inayosafiri haraka kuliko mwanga. Kinachometameta upesi hivyo lazima kiwe kidogo.

Wataalamu wakatafuta kilipo, wakakuta nyota kubwa ya buluu. Mwaka 1971 wanaastronomia Louise Webster na Paul Murdin huko Uingereza, na Tom Bolton huko Kanada, waliona nyota hiyo inayumba: inatujia, inarudi nyuma, kila siku 5.6. Ukimwona mtu gizani anazungushwa kwa mkono, utajua yupo anayemshika hata kama humwoni. Walipopiga hesabu, huyo mshikaji alikuwa mzito mno kuwa nyota iliyokufa ya aina nyingine yoyote. Vipimo vya siku hizi vinasema ana uzito mara 21 ya ule wa jua, naye angetosha kati ya Malindi na Mombasa.

Na eksirei zinatoka wapi, ikiwa shimo halitoi kitu? Zinatoka nje yake. Gesi inayoporwa kwenye ile nyota haidondoki moja kwa moja. Inazunguka, inasuguana, inapata joto la mamilioni ya digrii, kama cheche kwenye jiwe la mnoa visu. Eksirei zile ni kilio cha gesi kabla ya kuvuka mpaka, pale ambapo hata mwanga ukipita haurudi. Ile pete kwenye picha yenu ni ndugu yake, ingawa shimo la pale ni zito kuliko jua mara bilioni 6.5.

Mwaka 1974 mwanafizikia Stephen Hawking aliwekeana dau na mwenzake Kip Thorne kwamba Cygnus X-1 si shimo jeusi. Alikubali kushindwa mwaka 1990, akamlipia Thorne jarida ambalo mzazi halitaji kwa mwanawe.

Uliuliza pia mtu akitumbukia atakuwaje. Wewe umekulia pwani, bamvua unaijua. Mwezi huvuta zaidi upande wa dunia ulio karibu nao kuliko ule wa mbali, ndiyo sababu maji hujaa na kupwa. Karibu na shimo kama lile la Cygnus X-1, miguu yako ingevutwa kuliko kichwa kwa tofauti kubwa mno, ukavutika kama tambi kabla hata ya kufika mpakani. Kwenye lile kubwa la pichani ungevuka mzima, bila kuhisi kitu. Kurudi ndiko hakuna.

Ukija likizo Agosti, niletee darubini, hata ndogo. Saa nne usiku tutatazama kaskazini. Shimo hatutaliona, lakini ile nyota ya buluu ipo shingoni mwa Batamaji, kundi la nyota ambalo ndilo hilo Cygnus, kando kidogo ya nyota inayoonekana kwa macho. Mahali penyewe nimeshapaweka alama kwenye ramani.

Babako,
Malindi