Kwa mnaoanza kazi ya polisi, zima moto na ambulensi Nairobi: mambo ya siasa ambayo kozi haikufunzi

Hii naandikia vijana ambao wametoka chuo cha polisi cha Kiganjo wakapostiwa Nairobi, wale wa zima moto ya kaunti, na wale wa ambulensi, iwe ni ya hospitali ya serikali, ya Red Cross ama ya kampuni binafsi. Mimi nimekula chumvi kwa ambulensi hapa mjini, sasa nafunza wageni, na kila kundi likija naona kitu kimoja, mtu anajua kufunga jeraha, anajua kuweka dripu kwa gari inaruka matuta, lakini ukimuuliza ni nani ana haki ya kumpa amri anakuangalia tu. Wale wa polisi walioingia kwa usajili wa Novemba 2025 angalau walionjeshwa mapema, kabla hata ya kuvaa yunifomu waliona Tume ya Huduma ya Polisi na Inspekta Jenerali wakivutana mahakamani juu ya nani anafaa kuwaajiri.

Kwanza mjue historia kidogo, si ya kufanyia mtihani. Kidero alikuwa gavana kutoka 2013, Sonko akamtoa Agosti 2017, alafu Februari 2020 Sonko akasaini pale Ikulu kupeana kazi nne za kaunti kwa serikali kuu, ndio ikazaliwa ile NMS, ofisi ya serikali kuu ya kuendesha hizo kazi, chini ya Meja Jenerali Mohamed Badi. Desemba mwaka huo huo Seneti ikamng'oa Sonko, Kananu akaapishwa kuwa gavana Novemba 2021, Agosti 2022 akaingia Sakaja na NMS ikafungwa. Hesabu mwenyewe. Mtu aliyeajiriwa 2017 akiwa kijana wa miaka 24, kabla ya kufikisha 30 alikuwa ashaona magavana watatu na jenerali mmoja juu.

Sasa hiyo inakufikiaje wewe? Haikufikii kama siasa. Katiba, ile Jedwali ya Nne, inaweka ambulensi ndani ya huduma za afya za kaunti, na zima moto inaiweka kivyake, namba 12, pamoja na kusimamia majanga. Kwa hivyo afya ilipopelekwa NMS ambulensi ikaenda nayo, na zile kazi nne kwa orodha hazikutaja zima moto kwa jina. Mnakutana kwa ajali moja Outering, gari mbili zinatoka mji mmoja, na mkubwa wa huyu si mkubwa wa yule. Mpito wa aina hiyo ukianza, kitu cha kwanza kuyumba ni sahihi, yaani nani anasaini mafuta, nani anasaini oksijeni, nani anaruhusu gari iende gereji. Mtu wa zamani ameambiwa asisaini, mtu mpya bado hajapata barua, na wewe uko na silinda inasoma robo na shifti ya usiku ndio inaanza.

Kwa hivyo wiki yako ya kwanza kazini, kabla hata hujajua choo kiko wapi, uliza hao watu watatu ni nani, na kila mmoja uulize akikosekana nani anashika. Andika kwa kijitabu, si kwa simu, simu inazima. Na kila makabidhiano ya shifti hesabu vitu kwa mkono mkiwa wawili: silinda, glavu, kola za shingo, betri ya ile mashine ya moyo, alafu nyote muweke sahihi. Watu huruka hii juu wanaona ni ushamba. Wakubwa wapya wakija huwa wanakuja na ukaguzi, na ukaguzi hutafuta mtu wa chini.

Upande wa polisi kuna kitu lazima kiingie kwa kichwa, gavana hana polisi. Ana kanjo, yaani askari wa kaunti, basi. Polisi ni wa serikali kuu, wako chini ya Inspekta Jenerali, na Katiba kifungu cha 245 inasema hata Waziri hawezi kumwagiza Inspekta Jenerali achunguze kosa fulani ama akamate mtu fulani, na maagizo ya Waziri kuhusu sera lazima yawe kwa maandishi. Sasa kama Waziri amefungwa mikono hivyo, MCA, mjumbe wa bunge la kaunti, anayekunyooshea kidole barabarani akikuambia "afande, kamata huyo" anatoa wapi hiyo nguvu? Lakini usimjibu hivyo, tafadhali, utahamishwa Mandera kabla ya Ijumaa (natania, kiasi). Jibu ni moja, "Sawa mheshimiwa, wacha nimjulishe OCS," yaani mkuu wa stesheni. Alafu mjulishe kweli, kwa redio, na ukirudi stesheni uandike kwa OB, kile kitabu cha matukio, saa, mahali, nani alisema nini na OCS alijibu nini. Nimeona maafisa wawili walioitwa kueleza tukio moja, mmoja alikuwa na mistari minne kwa OB yenye saa na mahali, mwingine alikuwa na "niliambiwa". Huyo wa niliambiwa alikaa kwa hiyo ofisi siku nzima.

Na hii someni pole pole. Sheria ya Huduma ya Polisi ya 2011 iko na Jedwali ya Sita kuhusu kutumia nguvu na bunduki. Pale imeandikwa wazi kwamba kufuata amri ya mkubwa si kisingizio cha kutumia nguvu kinyume cha sheria. Imeandikwa pia kwamba ukimjeruhi mtu lazima umpatie huduma ya kwanza hapo hapo, na kukosa kufanya hivyo bila sababu nzuri ni kosa la jinai. Kila risasi unayopiga unaripoti kwa mkubwa wako hata kama haikugusa mtu, mtu akifa ama akiumia vibaya IPOA, ile mamlaka huru inayochunguza polisi, lazima wajulishwe, na ukiwa kwa yunifomu jina lako ama namba yako ionekane. Mkumbuke 25 Juni 2024, siku waandamanaji waliingia Bunge. Wiki mbili na kitu baadaye, tarehe 12 Julai, Inspekta Jenerali Koome akajiuzulu. Masengeli akakaimu, Kanja akaapishwa Septemba. Viti vya juu vilibadilika mara mbili ndani ya miezi mitatu, lakini konstebo aliyekuwa mtaani siku hiyo kesi yake haikuondoka na yule mkubwa, na faili hazina haraka, zinaweza kukungoja miaka. Mtu akikuambia toa kijitambulisho uweke mfukoni leo, jiulize huyo mtu atakuwa wapi siku IPOA ikikuandikia.

Kwa wenzangu wa ambulensi siku kama hiyo shida ni ingine. Mnabeba majeruhi wa pande zote mbili na kila upande unawaona wasaliti. Afisa wa polisi aliyepigwa jiwe akiwa kwa stretcha yako ni mgonjwa, kijana wa risasi ni mgonjwa, na yule ameumia zaidi ndio anaenda kwanza. Sema hivyo kwa sauti umati usikie, watu wengi wakielezwa wanaelewa. Usikubali mtu yeyote apande gari yako na silaha eti anakulinda, ukibeba silaha mara moja mtaani hawatakuamini tena. Na usikubali mtu atumie ambulensi kutoroka ama kupita kizuizi, awe mheshimiwa ama awe binamu yako.

Kuna hii ya amri zinazodumu kama umande. 3 Desemba 2018 matatu zilifungiwa kuingia katikati ya mji. Polisi na kanjo wakapangwa kila mlango wa mji tangu alfajiri, watu wakatembea kutoka Ngara, kutoka Muthurwa, wazee, wajawazito, watoto mgongoni. Marufuku ikaondolewa kabla hata ya siku mbili kuisha. Sasa fikiria wewe ndio ulikuwa umesukuma makanga kifuani asubuhi ya Jumatatu, na Jumatano unasimama stage ile ile, yeye yupo, wewe upo, amri haipo. Wachuuzi nao ni hivyo hivyo, huyu anawafukuza, yule anawarudisha, mwingine anawasogeza vichochoroni na kuwapangia masaa. Ushauri wangu kwa kanjo na polisi wa mjini, tekeleza agizo kama mtu ambaye anaweza kuambiwa kesho alibatilishe. Ongea kwanza, toa muda, usimwage nyanya za mama wa watu. Yule mama ndio siku moja atakuambia mwizi ameingilia mlango gani.

Kuna zingine ni za kuchekesha tu mpaka ziwe zamu yako. Februari 2025 magari ya kaunti yalimwaga takataka nje ya Stima Plaza, makao ya Kenya Power, kwa sababu ya vita vya madeni na stima kukatwa. Afisa aliyekuwa kwa geti siku hiyo angemkamata nani, dereva wa serikali kwa kuchafua mlango wa shirika la serikali? Ukijipata hapo zuia watu wasipigane, piga redio, andika namba za gari, ngoja wakubwa waongee na wakubwa wenzao.

Zima moto sasa, hapa nakaa kidogo juu hawa ndio hupigwa mawe zaidi. Soko la Gikomba limeungua mara nyingi mpaka watu wamezoea, lakini ule moto wa Juni 2018 uliua watu 15. Mnafika, vichochoro vimejengwa vibanda mpaka gari haiingii, umati unapiga kelele "mmekuja bila maji!" Na mara nyingi maji mlikuja nayo. Fanyeni hesabu: gari ya lita 5,000 ikifungua hosi mbili, kila moja inatoa lita 500 kwa dakika, dakika tano imekauka. Mwananchi anaona gari kubwa imefika, imerusha maji kidogo, imegeuka inaondoka, anaamini mmehongwa ili soko liungue mtu anyakue ardhi. Na usicheke hiyo imani, pale kuna historia ya ardhi inayomfanya mtu afikirie hivyo.

Kwa hivyo kabla hujafungua bomba tafuta mtu mmoja wa soko, mwenyekiti ama mama ambaye kila mtu anamjua, mwambie kwa lugha rahisi, "maji haya ni ya dakika tano, gari la pili liko njiani, hili likiisha linaenda kujaza, linarudi, niambie njia ya nyuma iko wapi." Huyo atawaongelesha wengine kwa sauti ambayo wewe huna. Lakini siku za kawaida nenda uwajue, kwa sababu uongozi wa soko nao hubadilika na siasa, mwenyekiti wa mwaka jana pengine alikuwa wa mrengo ule na saa hii hasikizwi. Pitia pia uone haidranti gani, yale mabomba ya barabarani ya kujazia gari maji, iko hai na ipi imejengewa kioski juu.

Kwa tukio kubwa swali ni lile lile, nani anasimamia. Magaidi walipovamia Westgate 2013, polisi wa kikosi maalum cha Recce na jeshi walikuwa ndani bila amri moja, na ikaripotiwa afisa wa Recce aliuawa na risasi za upande wetu wenyewe. Walipovamia DusitD2, Januari 2019, mpangilio ulikuwa bora zaidi na kila mtu aliona tofauti. Lakini jengo likianguka, kama Huruma Aprili 2016, ama gesi ikilipuka kama Embakasi usiku wa 1 Februari 2024, watakuja wote, kaunti, polisi, jeshi, vijana wa huduma ya taifa (NYS), Red Cross, vijana wa mtaa ambao walifika mbele yenu wote, na wanasiasa na kamera zao. Ukifika uliza "kamanda wa hapa ni nani?" na ukiambiwa watu wawili tofauti, wakutanishe hao wawili kabla hujaanza kubeba.

Magari ya wanasiasa nayo yatakuja. Sonko Rescue Team ilikuwa na ambulensi na magari ya zima moto kabla mwenyewe hajawa gavana, na iliokoa watu, siwezi kudanganya. Msiyafukuze. Shida yake ni kwamba mgonjwa anaondoka na hakuna anayejua amepelekwa wapi, asubuhi mama anazunguka kutoka hospitali ya Kenyatta hadi ya Mama Lucy na picha ya mtoto wake mkononi. Beba plasta ya karatasi na kalamu ya wino mzito. Kila mgonjwa anayeondoka, gari liwe la nani, mfunge plasta kwa mkono wa kushoto: saa, namba ya gari, hospitali. Plasta ya pili yenye maneno hayo hayo inabaki kwa ubao wako. Na kabla gari haijang'oa nanga uliza kwa redio hiyo hospitali inapokea, kwa sababu Mama Lucy ni ya kaunti na Kenyatta ni ya serikali kuu, wa huku wanaweza kuwa wamegoma na wa kule wanafanya kazi.

Simu yako, haraka haraka. Usipige picha za majeruhi, usiforwadi za wengine, na usibishane siasa kwa grupu la kazi, hizo skrinshoti huhifadhiwa mpaka siku mkubwa mpya anatafuta nani ni wa nani.

Pesa pia. Kuna mwajiri mmoja niliyemfanyia kazi, mambo yalipobadilika juu mshahara ukachelewa na kila ofisi ikasema faili yetu iko kwa ile ingine. Waliolipwa kwanza ni wale walikuwa na kopi za barua ya kuajiriwa na payslip zote mpaka ya mwisho. Weka kopi nyumbani kwenu ushago, si kwa loka ya kazini. Ingia sacco mapema.

Uchaguzi ni 10 Agosti 2027. Kesi ya urais ikiwepo, ina siku 7 za kufungua baada ya matokeo kutangazwa na Mahakama ya Juu ina siku 14 za kuamua, kwa hivyo panga ukijua kwamba likizo za Agosti na sehemu kubwa ya Septemba zinaweza kufutwa. Kama uko na harusi, sogeza. Kama uko na mtoto mdogo, ongea sasa na mtu wa kukaa naye usiku mfululizo. Tafuteni viatu vizuri kwa pesa zenu, vile vya kupewa vinachelewa, na mjuane kwa majina na namba za simu na wenzenu wa idara zile zingine mnazokutana nazo barabarani.